Lengalenga Isiyo na Tundu

Siku ya posho, Jumamosi 14/9

Vanessa mutoto wangu, jambo. Jambo tena, na ya tatu uweke akiba. Mimi mama yako Anastasie nakusalimia. Nyanya yako Georgette anakusalimia, goti yake inauma bado, anasema huko Uvira kwa masomo bakupe chakula maana ulienda mwembamba. Chérie anakusalimia, ameanza première primaire, iko anasimama hapa kwa bega yangu anataka kuninyanganya bic. Baba yako iko Misisi kwa dhahabu, hajatuma neno tangu Pâques, lakini nikisalimia nyumba siwezi kumuruka: anakusalimia. Solange wa ng'ambo ya barabara anakusalimia, mimba yake imeingia miezi sita, anauza ndagala bado na mudomo yake haijapunguka. Kuku yetu nyekundu inakusalimia, imeanza kutaga. Hata ule Murundi aliyepanga nyuma yetu mwezi jana, Marie-Goreth, alitoka kambi ya Lusenda, anakusalimia ingawa hakujui.

Ulisema: "Mama, usinipigie simu kila mara kuku anapokohoa, unite zinaisha. Andika mu hii kaye, ikijaa uitume." Haya. Mi nilisoma mpaka quatrième tu, utanivumilia.

Chérie amechora O hapa chini, anasema ni salamu yake. Tazama vile iko muviringo, kama mudomo ya kikombe.

Siku ya pili, 17/9

Agronome Wilfried alitukusanya bamama makumi mbili kwa kanisa, kutufundisha kulima bila dawa ya duka. Alisema dawa ya duka inaua mududu, halafu inabaki mu jani, na jani inaingia mu tumbo. Tena iko bei. Mama akinunua dawa lazima apandishe bei ya mboga, na mwenye mimba masikini atakula nini? Kwa centre de santé kila siku banamwambia damu yako iko kidogo, kula mboga. Wilfried akauliza: "Atakula maneno yetu?" Tulicheka sana, lakini mi ilinishika. Nilikukumbuka wewe mu tumbo, vile nilikula bugali na chumvi.

Dawa yetu ni majivu, pilipili ya kutwanga, mavi ya ng'ombe kutoka Minembwe, na majani ya yale maua ya njano machungu. Vyote mu pipa, maji juu, siku kumi, kisha unanyunyizia.

Sina pipa. Nilienda kwa port, mashua ilikuwa imeshusha vitu, muntu mumoja alikuwa na pipa ya bluu, kubwa, kifuniko yake nzima, bei ya chini. Picha ya juu yake ilikwanguliwa na kisu. Ndani, chini kabisa, kuna kitu cheupe kimegandamana kama chokaa. Nimeisugua na muchanga mara tatu, imekataa kutoka. Inanuka kidogo vitunguu saumu. Nilisema vizuri, basi ilibeba chakula.

Siku ya posho, 28/9

Mvua ya kwanza. Nimeweka pipa chini ya bati, imejaa yenyewe. Maji ya kunywa tunachota kwa robine, hii ni ya bustani, majivu na pilipili na vyote viko ndani siku kumi na moja sasa. Chérie nimemutobolea kopo ya tomate na musumari, njo kazi yake kunyunyizia. Anaingiza mukono mpaka kwa bega, anacheka.

Siku ya posho, 5/10

Soko. Vanessa, ungeona! Lengalenga yangu ilitoka Mungu anajua vipi, majani mapana, kijani, hakuna hata tundu moja. Solange akachukua fungu akaigeuza huku na huku: "Mama Vanessa, hii mboga ulipiga pasi?" Bantu bakacheka, bakanunua. Bei ni ile ya chini kabisa, maana dawa sikununua. Wenye mimba balipanga mustari kwangu. Solange mwenyewe namuwekea fungu mbili kila siku, moja yake, moja ya mutoto, na namukataza kulipa ya mutoto.

Marie-Goreth alikaa mwisho wa mustari wa bamama banaouza mboga. Yake imekulwa na viwavi, matundu tupu. Solange hamuachi muntu: "We Marie-Goreth, hii ni mboga ao ni dirisha? Naona Ubwari ng'ambo ya maji kupitia ndani!"

Marie-Goreth hakukasirika. "Badudu balionja mbele yako, dada, na habakufa. Leta sahani."

Lakini hakuna aliyeleta sahani. Nilimuonea huruma, nikampa fungu yangu moja apikie batoto bake.

Siku ya ine, 10/10

Mvua. Mwaka huu kwetu hakuna mbu hata mumoja. Nyanya anasema ni baraka.

Siku ya Mungu, 13/10

Leo kumbikumbi zilitoka. Asubuhi, mvua ilipokatika, mutaa yote batoto banakimbia na basani. Unakumbuka ile kilima kidogo kwa pembe ya nyumba yetu, kila mwaka inatoka moshi ya mabawa mpaka hatuoni choo? Chérie alikaa pale na basani yake. Alikaa mpaka kengele ya kanisa. Haikutoka hata moja.

Kwa Marie-Goreth, hatua makumi mbili, zilitoka kama mutu amefungua gunia. Zilijaa kwa nguo zilizoanikwa, kwa nywele ya batoto. Chérie alirudi na chupa moja ya kupewa, analia: "Mama, juu ya nini zetu zimehamia kwake?"

Nilimwambia zitakuja kesho.

Siku ya posho, 19/10

Kuku nyekundu ilidonoa chini ya lengalenga, ikaenda hatua tatu, ikakaa kama inataka kutaga. Niliikuta vile vile saa sita, imekaa, macho wazi, imekufa. Mayai kenda iliyokuwa inalalia yamepoa. Nyanya hakutaka tuipike. Tuliiweka nyuma, na hili nakuandikia lakini usiseme mama ana woga: mpaka jioni hakuna nzi iliyokuja kuitazama.

Siku ya pili, 22/10

Mvua mchana kutwa. Chérie amemwaga uji mara mbili.

Siku ya tano, 25/10

Leo Marie-Goreth alisimama kwa rugo kati ya nyumba zetu, pua juu, kama mbwa anayesikia mugeni. Akauliza: "Mama Vanessa, samahani. Kwako, hata sisimizi hakuna?"

"Sisimizi ya kufanyia nini?"

"Nauliza tu. Ulitoa wapi ile pipa?"

"Nilinunua na jasho yangu. We unataka nini na pipa yangu?"

Akatazama chini. "Hapana, mama. Nisamehe."

Muntu anakuuliza juu ya sisimizi! Halafu nilipoenda kutupa taka, shimo ya taka tunagawana naye, nikaona lengalenga. Zile nilizomupa, na zingine nilizompa juzi, zote. Zimekauka lakini hazikuoza, na hakuna kitu kilichozitembelea. Nilizijua kwa kamba ya mugomba niliyofungia. Alizitupa, Vanessa. Chakula niliyotoa kwa mukono yangu.

Siku ya Mungu, 27/10

Baada ya misa nilimwambia Solange. Alishika tumbo yake na mikono miwili. "Mama Vanessa, fungua macho. Kumbikumbi zako ziko kwa nani? Nzi zako ziko kwa nani? Ule mwanamuke amekusanya badudu bote kwake. Na muntu anayekusanya badudu, kesho anakusanya nini?"

Nikasema tusiseme vile, ni siku ya Mungu.

"Mi nasema juu ya mutoto yako. Umeona mukono ya Chérie?"

Nimeona. Nilikuwa sijaandika, maana kitu kikiandikwa kinakuwa kweli. Mukono ya kuume inatetemeka. Inatetemeka hata mutoto akilala, kama samaki ndogo mu wavu.

Siku ya tano, 1/11

Nimeamka nikakuta mufereji. Kati ya kiwanja yetu na ya Marie-Goreth amechimba mustari, muguu moja kwenda chini, moja kwa moja tangu choo mpaka barabara, na upande yake amemwaga majivu. Mustari mweupe kama wa chokaa. Sisimizi zake zinakuja mpaka pale, zinageuka zote pamoja, zinarudi.

Nyanya alitazama, akarudi ndani kusali rozari. Mi nilimwita: "We Marie-Goreth! Unatufungia nini?"

Akajibu bila kutoka nyumbani: "Maji, mama. Nazuia maji tu."

Maji! Mvua ya Mungu inanyesha kwetu sote, yeye anaizuia isipite kutoka kwangu. Solange anasema tumwambie chef de quartier, bamurudishe Lusenda. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Siku ya kwanza, 4/11

Mvua kubwa, kisha kimya. Unajua vile vyura vya hapa vinapiga kelele mpaka padri anakatisha mahubiri. Huko mbali navisikia. Hapa kwetu hakuna. Asubuhi nilikuta kumi na moja mu bustani, tumbo juu, tumbo nyeupe, miguu imenyooka kama ya bantu. Nilizizika kabla Chérie hajaamka.

Lengalenga iko muzuri sana.

Siku ya ine, 7/11

Namnyunyizia Chérie maji ya baraka asubuhi na mangaribi. Jasho inamutoka kama anayepanda mulima wa Fizi, na amekaa tu kwa kiti.

Siku ya pili, 12/11 (naandikia kwa hospitali)

Vanessa, mutoto iko muzima. Naanza na hapo ili usiruke mustari.

Ilikuwa siku ya posho, saa nne. Nilikuwa nasonga bugali. Chérie alitoka kunyunyizia, kopo bado mukononi, akasimama mu mulango. "Mama, mudomo yangu imejaa maji." Mate ilikuwa inashuka mpaka kwa nguo, nyingi, kama ya ng'ombe. Nikasema temea inje. Akataka kugeuka, magoti ikakataa. Akaanguka juu ya kopo. Nyama ya uso yake ilikuwa inacheza yenyewe, hapa na hapa, chini ya ngozi. Nilifungua jicho yake: katikati, ile nyeusi, imekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mutoto ananitazama na hanioni.

Nilipiga kelele. Solange alitoka barabarani. Na Marie-Goreth aliruka ule mufereji wake, bila viatu, na bidon ya maji ya robine kwa kichwa.

"Usimuguse!" Ni mimi niliyesema hivyo.

Solange analia: "Anamumalizia! Bantu mukuje, anamumalizia!"

Marie-Goreth alitua bidon. Alimuvua Chérie nguo yote, akaitupa mbali, akamumwagia maji, kichwa, mikono, mikono tena, akisugua na sabuni. Bantu bamejaa. Mutu mumoja alimupiga na fimbo kwa mugongo, akaendelea kusugua. Alipomaliza akamufunga na pagne yake mwenyewe, akabaki na jupon mbele ya mutaa yote, akasimamisha pikipiki. "Panda, mama. Mulaze upande, mate isimurudie. Panda!"

Nilipanda. Sikumwambia asante. Nilimwambia: "Umemufanya nini mutoto wangu?"

Kwa hospitali muganga Fabien alimulika macho ya Chérie, akauliza mara moja: "Mama, amegusa dawa gani ya shamba?"

"Hakuna. Sisi ni bamama ba kulima bila dawa. Uliza Wilfried."

"Dawa ya badudu, mama. Sema haraka."

"Kwetu haiingii!" Nilisema kwa kiburi, Vanessa. Mutoto wangu anatetemeka kwa meza na mi najisifu. Fabien alinitazama kama muntu anayeona nyumba inawaka na mwenyewe iko ndani anafagia.

Hakungojea mi nikubali. Alichoma sindano, akangojea, akaingiza kidole mu mudomo ya mutoto kuona kama imekauka, akachoma tena. Sijui mara ngapi. Jua ilitoka dirisha moja ikaenda ingine. Alasiri Chérie akasema: "Mama, kiu." Fabien akakaa chini kwa sakafu, palepale, akafuta uso.

Siku ya tatu, 13/11

Marie-Goreth alikuja na uji mu termos. Alisimama kwa mulango kama anayengojea kufukuzwa. Mugongo yake imevimba. Nikasogea kwa kitanda, akakaa.

"Mama Vanessa," akasema, "nililima pamba kule Imbo, kwetu Burundi, myaka kumi na moja. Dawa ya pamba ilikuja mu mapipa ya bluu. Ilinuka vitunguu saumu. Ikiisha, chini inabaki nyeupe, ngumu kama mawe. Maji ikikaa juu yake, kila siku ile nyeupe inatoa kidogo, kidogo. Mudogo wangu alinawia mu pipa ile."

Sikuuliza mudogo wake iko wapi.

"Ulijua," nikamwambia. "Juu ya nini hukusema?"

"Niliuliza ile pipa. Ulikasirika." Alikuwa anakoroga uji, uji haina haja ya kukorogwa. "Mama, mukimbizi akimwambia mwenyeji mboga yako ni sumu, usiku huo analala wapi?"

Vanessa, ni mimi. Majivu, pilipili, mavi ya ng'ombe, yote Wilfried alifundisha iko muzuri. Mi niliipikia mu chungu ya sumu. Mutoto wangu aliingiza mukono mpaka kwa bega, na mi nikacheka naye.

Siku ya posho, 16/11

Tumerudi nyumbani. Fabien amesema nisiguse pipa, nisiimwage, nisiitupe mu ziwa, Wilfried atakuja kuichukua na gari. Nimeifunika, nimeipeleka nyuma ya choo na fimbo mbili ndefu, mi na Marie-Goreth, tumezungusha miiba. Lengalenga yote nimeing'oa.

Na amesema kitu kingine: "Mama, walionunua, wote, waambie. Wenye mimba mbele. Nataka kubatazama."

Nilisema ndiyo.

Siku ya kwanza, 18/11

Nilienda soko kuwaambia. Solange aliruka juu: "Mama Vanessa! Chérie alikuwa na nini?" Bamama bote bakageuka. Nilifungua mudomo. Nikasema: "Malaria."

"Malaria ya kichwa," Solange akasema, "pole sana. Lengalenga yangu iko wapi? Mutoto huyu wa ndani amezoea, ananipiga mateke."

Nikasema mvua imeharibu. Marie-Goreth alikuwa mwisho wa mustari na madirisha yake. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni. Najua kitu atafanya: hatasema. Nimemufundisha mimi kutosema.

Nitawaambia siku ya posho.

Siku ya tatu, 20/11

Pipa haiko.

Miiba imesogezwa vizuri upande, kama muntu aliyeogopa kukwaruzwa. Kuna alama ya kuviringisha mpaka barabara, halafu mvua imefuta.

Siku ya tano, 22/11

Tumetembea. Mi na Marie-Goreth, mutaa kwa mutaa. Nilifikiri pipa ya bluu itaonekana. Vanessa, muji yetu yote ya Baraka iko na mapipa ya bluu. Chini ya kila bati, bluu. Za mafuta, za sabuni, za nani anajua. Zimesimama pale zinangojea mvua, zote na kifuniko, zote na uso moja.

Njo Marie-Goreth akasema: tusitafute pipa, tutafute sisimizi. Alinunua muwa, akaukata vipande. Tunaingia kwa bantu, tunasalimia, tunaomba maji ya kunywa, na yeye anaangusha kipande karibu na pipa yao. Tunakaa. Tunauliza habari za batoto. Tunatazama chini. Sisimizi zikija, tunashukuru, tunaaga. Nyumba ya kwanza zilikuja. Ya pili zilikuja. Sikuwahi kupenda sisimizi hivi.

Siku ya pili, 26/11

Nyumba makumi ine na tatu. Sisimizi zote zimekuja. Bantu banaanza kusema Mama Vanessa na ule Murundi banaroga na muwa. Wilfried alikuja na gari, akakuta miiba. Alishika kichwa. "Nilisema pipa. Sikusema pipa gani." Na yeye ni mutoto ya muntu, nilimupa kiti.

Kwa Solange hatukuingia. Kwa Solange ningeombaje maji bila kusema yote?

Siku ya posho, 30/11

Nilienda soko kwa sababu nilijiambia leo, hata kama nitakufa kwa haya, leo nasema.

Mvua ilikuwa imepita, jua kali, na ndagala haikuwa imekauka vizuri wiki hii. Siku kama hiyo unajua meza za samaki: nzi nyeusi, bamama banapunga na matawi mpaka mukono inakufa. Meza ya kwanza, nzi. Ya pili, nzi. Ya tatu ni ya Solange. Alikuwa amekaa, mikono juu ya tumbo, tawi yake imelala chini.

"Mama Vanessa, kuja uone! Leo nzi zangu ziko kwa congé, hazikuja kazi!"

Ndagala ilikuwa imepangwa, nyeupe, inang'aa, na hakuna kitu juu yake. Nzi zilikuwa zinakuja kutoka meza ya jirani, zinafika kwa ukingo, zinageuka. Kama sisimizi kwa mufereji. Mama mumoja alikuwa anapima kopo yake, mutoto mugongoni.

Niliuliza: "Solange, unasuuza samaki mu nini?"

"Bwana yangu aliokota pipa nzuri sana. Bantu banatupa vitu! Naweka maji ya chumvi ndani, kabla ya kuanika. Juu ya…"

Niliinua meza na mikono miwili. Ndagala yote ilienda chini mu tope. Nilichukua kopo ya ule mama nikaimwaga. Banafikiri nimepagawa, bananishika, na mi napiga kelele, nasema yote: pipa ni yangu, sumu ni yangu, Chérie hakuwa na malaria, kila aliyenunua lengalenga kwangu aende kwa muganga Fabien, na kila aliyenunua samaki hii aitupe, aizike, asimupe hata paka. Nilisema hata juu ya vyura. Nilisema hata juu ya fimbo ya mugongo ya Marie-Goreth. Nilipomaliza soko ilikuwa kimya kama bustani yangu.

Solange hakusimama. Alisema polepole, sauti ambayo sijawahi kusikia kwake: "Nilikula kila siku, Mama Vanessa. Fungu ya mutoto hukutaka nilipe."

"Ndiyo."

"Tunakaa barabara moja. Ulijua tangu lini?"

"Wiki mbili."

Alitazama mikono yake. Ilikuwa inanuka samaki na vitunguu saumu, mi nilisikia kutoka pale. Hakuna aliyemukaribia. Njo Marie-Goreth akatoka mwisho wa mustari na bidon yake na sabuni, akapiga magoti mu tope mbele ya Solange, ule Solange aliyemuitia bantu ba fimbo, akashika mikono yake akaanza kuisugua, kidole kwa kidole, mpaka kwa viwiko. Solange alimuachia. Alilia bila kujificha uso, maana mikono haikuwa yake.

Siku ya kwanza, 2/12

Kaye imebaki ukurasa moja.

Fabien na Wilfried bamechukua pipa. Bantu makumi sita na kitu bamepita kwa Fabien. Batatu bamelazwa, banaendelea vizuri. Solange iko pale pia. Moyo ya mutoto ya ndani inapiga, Fabien alinisikilizisha na ile kitu yake. Nikamuuliza: itazaliwa vizuri? Akasema inapiga. Bado wiki tatu.

Sokoni bamoja bananitemea mate. Wengine, hasa wenye mimba, banaenda kwa Marie-Goreth, banainua jani juu kwa jua, banahesabu matundu kabla ya kununua. Hajapandisha bei. Amenipa tuta mbili kwake nipande, udongo yangu ipumzike. Mbegu ni yangu, majivu na pilipili tunatengeneza mu chungu ya udongo niliyoona ikifinyangwa. Yetu inatoka na madirisha. Naipenda hivyo.

Kila asubuhi naweka kipande cha muwa mu kiwanja yetu, nakaa na Chérie tunatazama. Leo ilikuja sisimizi moja. Ilisimama kwa mustari wa majivu, ikatikisa kichwa, ikaingia hatua kidogo. Chérie alinishika. Halafu ikageuka, ikarudi.

Mwenye pikipiki anaenda Uvira saa hii na hii kaye. Vanessa, we unasoma mambo ya hospitali, uliza balimu bako, usinione haya kutaja jina yangu: udongo inachukua mvua ngapi kupona? Na mutoto ya Solange, tutazame kitu gani akizaliwa? Na mukono ya Chérie itatulia? Nimemwambia achore tena O yake hapa chini, uiweke pembeni ya ile ya kwanza, utaona mwenyewe, mi sitakuandikia iko vipi. Jibu yako uimupe huyu huyu wa pikipiki, nimemuomba akungojee kwa mulango mpaka umalize kuandika. Kisha piga simu pia. Unite nitakutumia mimi.